Kisanduku cha Chini ya Siti

Shemeji yangu alipopendekeza nimwachie fundi gari peke yake, ili tuone kama ni mwizi, nilipaswa kukataa. Neno lenyewe ni fupi na nilikuwa nalo mdomoni. Badala yake nikasema, "Haya, tumjaribu."

Huyo hakuwa fundi tu. Alikuwa kijana aliyetaka kumuoa binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Binti mwenyewe ndiye aliyenieleza. Alisema yupo mtu, kwao ni Masasi, ana kibanda cha kufunga redio za magari upande wa Msimbazi, na wazee wake wanataka kuleta posa. "Ni mtu mzuri, baba," akasema. "Kaa naye tu, utaona." Mama yake alikuwa ameshafariki, kwa hiyo jibu lilikuwa langu peke yangu.

Sikusema ndiyo wala hapana. Sisi kwetu ni Kilimanjaro, na nisidanganye, nilijiuliza kwa nini asipate mtu wa nyumbani. Lakini kilichonikera zaidi ni ile kazi yake. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mtunza stoo wa mfanyabiashara wa jumla pale Kariakoo. Kazi hiyo ni kusimama mlangoni na kutazama mikono ya watu. Mpagazi akitoka, nilimpapasa kiunoni. Mteja akicheka sana, nilitazama mfuko wake. Mimi nilistaafu, ila macho hayakustaafu.

Na kama hujawahi kumiliki gari Dar es Salaam, ngoja nikueleze jambo moja. Gari hulipeleki kwa fundi ukaondoka. Unakaa nalo. Utawaona watu wazima na heshima zao wamekalia ndoo zilizopinduliwa, jua linawapiga utosini, wanamtazama fundi asije akatoa kifaa kizima na kuweka kibovu. Vioo vya pembeni na taa tunavichonga namba ya gari, ili vikiibiwa visiuzike kirahisi. Shemeji yangu huyu, ndugu wa marehemu mke wangu, aliwahi kuibiwa vioo vyote viwili. Alipokwenda kununua vingine aliuziwa vyake mwenyewe. Alivitambua kwa mkwaruzo wa geti la kwake. Tangu siku hiyo hakumwamini mtu yeyote anayeshika bisibisi, na hakuchoka kuniambia.

Gari langu lilikuwa dogo, la mtumba kutoka Japani. Redio yake iliandika Kijapani na masafa yake yalikuwa ya huko kwao, kwa hiyo hapa ilikamata stesheni mbili tatu tu. Zilizobaki zilikuwa mkwaruzo mtupu. Binti alikuwa akinicheka: "Baba, unasikiliza taarifa ya habari au unakaanga samaki?" Siku moja akaja na salamu za yule kijana. Alikuwa tayari kunifungia redio mpya ya skrini, kazi ya mikono yake, bila malipo.

Nilimsimulia shemeji nilipomtembelea Mchikichini, ambako anauza viatu vya mtumba. Aliacha kupiga brashi kiatu alichokishika.

"Bure? Nani anafanya kitu bure Kariakoo, shem?"

"Anataka kuoa."

"Anataka gari lako. Sikiliza. Hizo gari zina kisanduku chini ya siti, kinaitwa amplifaya. Ndicho kinachoipa sauti nguvu. Cha kiwandani kinatafutwa sana. Atakwambia hakihitajiki. Siku ukisikia neno hilo, 'hakihitajiki', ujue kimeshapata mnunuzi."

Hapo ndipo alipotoa wazo lake. Tukichonge kisanduku namba ya gari, kimyakimya. Kisha nimpe kijana gari, niondoke, nisikae kwenye ndoo kama watu wengine. Kisanduku kikirudi na namba, basi tumpe binti kwa moyo mweupe. Kikirudi bila namba, tumeokoka. Niliona kama ni busara. Niliona hata ni haki, kwa sababu nilikuwa nampa nafasi ya kuonyesha uaminifu wake.

Mchonga namba tulimpata mtaani Mchafukoge, jirani na ninapoishi. Nilikuwa nimeegesha upande wa kushoto, na mlango wa abiria ulizibwa na mkokoteni uliojaa marobota ya vitenge. Shemeji alimwambia mchongaji, "Kuna kisanduku chini ya siti, kichonge namba." Mchongaji akafungua mlango uliokuwa ukifunguka, yaani wa dereva, akapiga magoti, akaingiza mkono na kimashine chake. Mimi nilisimama nje nikiangalia watu, nisije nikaonekana. Nilisikia kimashine kikilia, kisha kikanyamaza. Akainuka akijipangusa vumbi. "Tayari, mzee. Hicho hakiibiki tena." Sikuinama kuangalia. Mgongo ulikuwa ukiniuma, na shemeji alikuwa ameshaanza kuzungumza mambo mengine.

Siku ya kazi nilimkuta kijana ameshafagia mbele ya kibanda chake. Alikuwa mwembamba, mkimya, suruali yake ina madoa ya risasi ya kuungia waya.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Alinitolea kiti, tena cha plastiki chenye mgongo, si ndoo. Nikamwambia sikai, nina mizunguko yangu.

Akanitazama. "Hukai? Bora ukae, mzee. Mimi napenda mwenye gari akae, aone kinachofanyika. Baadaye hakuna maneno."

Mtu mwingine yeyote angesikia hapo sauti ya mtu mwaminifu. Mimi nilisikia mwizi mjanja, anayejua mwizi anapaswa kuongea vipi ili asionekane mwizi. Nikampa funguo nikaondoka.

Nilikaa kwa shemeji katikati ya viatu. Simu yangu iliita. Alikuwa yeye, fundi. Shemeji akaichukua mkononi mwangu, akaisukumia ndani ya buti. "Usipokee. Mwache aamue mwenyewe." Simu ikaita humo ndani ya buti, sauti imebanwa. Mteja mmoja akacheka: "Kiatu hiki kina mtandao?" Ikaita tena, ikakata.

Nilirudi jua likiwa limeshapinda. Dashibodi ilikuwa wazi, waya zinaning'inia, redio mpya imeshika nafasi yake na skrini inawaka. Juu ya siti ya abiria kilikaa kisanduku cha bati, bapa, kimetolewa kwenye soketi yake. Nilikigeuza kwa macho, mbele na pembeni. Hakikuwa na namba.

Moyo wangu ulitulia. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo nikikumbuka. Sikushtuka wala sikusikitika. Nilitulia kama mtu aliyehesabu katoni zake na kuipata ile iliyopungua, akajua hakukosea kushuku.

"Nilikupigia, mzee," akasema. "Sikutaka kukata kitu bila ruhusa yako."

"Simu ilikuwa mbali. Vipi?"

Akabonyeza skrini. Redio ikaonyesha stesheni, lakini spika zilikuwa kimya. "Unaona? Sauti ya gari hili haitoki kwenye redio kwenda moja kwa moja kwenye spika. Inapita kwanza hapa," akagusa kisanduku, "ndipo inagawanywa milangoni. Redio ya zamani na hiki kilikuwa kitu kimoja, vinaelewana. Hii mpya ina nguvu yake ndani. Nikiilazimisha ipite hapa, utapata mvumo, au sauti iliyopasuka."

"Kwa hiyo?"

"Tunakiruka. Naunga waya zinazoingia kwenye kisanduku na zile zinazotoka, kila spika na zake, sauti inapita moja kwa moja. Hiki hakihitajiki tena."

Hakihitajiki. Neno lilelile, kama vile shemeji alikuwa amemwandikia.

"Sawa," nikasema. "Kiruke."

Safari hii nilikaa kwenye kiti. Alichukua betri ndogo ya saa ya ukutani, akawa anaigusisha kwenye waya jozi kwa jozi. Kila akigusa, spika moja ilitoa mlio mdogo, pu, naye akaweka alama kwa tepu: mbele kulia, nyuma kushoto. Alifanya taratibu, bila kubahatisha. Alipomaliza kuunga na kuzungushia tepu, aliwasha. Sauti ilijaa gari zima, safi, bila mkwaruzo. Alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akanitazama aone kama nimefurahi. Nikatabasamu pia. Nilikuwa hodari wa tabasamu hilo, nililitumia kwa wapagazi kabla ya kuwapapasa.

Kisanduku akakifunga kwenye mfuko wa rambo, akanipa. "Usikitupe, mzee. Ukija kuuza gari, mtu anaweza kutaka redio yake ya zamani. Kiweke pamoja nayo."

Kumbe kinahitajika, nikawaza. Amenirudishia kibovu alichokiokota kwenye makorokoro yake, na bado ananipa mawaidha.

Shemeji alipokiona alikipindua mara nyingi, akakipulizia vumbi, akapiga paja. "Si nilikwambia!" Nikamuuliza kama kuna haja ya kwenda kumwambia kijana tukiwa wawili tu, yaishe. Akasema hapana, akijua tumemgundua atatoa hadithi. Tusubiri posa, mbele ya wazee wake, wajue walichotuletea. Nikakubali tena. Sitaki kumtwisha shemeji mzigo wangu. Yeye alisema, lakini binti hakuwa wake.

Binti yangu alijiandaa kwa siku ile kwa namna ambayo sijaisahau. Alifua mapazia. Aliazima glasi kwa jirani wa ghorofa ya chini ili zote zifanane. Alipoingia kuniuliza kama shati langu limepigwa pasi nilimtazama, na nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Nikasema shati liko sawa.

Walikuja mshenga, baba mdogo wa kijana, na shangazi yake. Kijana mwenyewe, kama desturi ilivyo, hakupanda. Aliwaleta akabaki chini barabarani. Soda zikafunguliwa. Mshenga, mzee mcheshi mwenye kanzu, alianza kwa utani. "Tumepita mtaani tukaona ua ndani ya nyumba hii, tukasema tuulize kama lina mwenyewe." Watu wakacheka. Nikamkatiza, nikaomba kijana aitwe.

Alipoingia alisalimia kila mtu, akabaki amesimama. Shemeji akakitoa kisanduku kwenye mfuko na kukiweka mezani katikati ya glasi.

Nikasema niliyoyapanga. Kwamba kisanduku cha gari langu kilichongwa namba kabla sijampa gari. Kwamba hiki hapa hakina namba. Kwamba nyumba yangu haipokei posa ya mtu aliyeanza kuniibia kabla hajaniita baba.

Shangazi yake akashusha glasi mezani.

Kijana hakupaza sauti. "Mzee, hiki ndicho nilichokitoa kwenye gari lako. Sijakibadilisha. Namba ilichongwa upande gani?"

"Kwenye kisanduku cha chini ya siti."

"Siti ipi?"

Shemeji akadakia, "Unatuhoji sisi? Siti ni siti!"

"Si kuhoji, mjomba. Gari liko hapo chini. Twende wote tukaangalie. Ni kuinama tu."

Alikuwa amekwisha kuelewa. Naona sasa kwamba alijua. Lakini mimi nilijua hila za watu wanaosema twende tukaangalie. Stoo nzima ilikuwa imenifundisha kwamba mtu akikuita pembeni, kuna mwenzake anatoa mzigo mlangoni. Nikawaza, ana namna ya kutufumba macho huko chini, labda ameshakirudisha.

"Hatuendi kokote," nikasema. "Kitu kiko hapa mezani."

Mshenga akajaribu. "Mzee mwenzangu, kushuka ngazi hakutatupunguzia chochote. Tushuke, turudi, soda zetu tutazikuta."

"Nimeshasema."

Baba yake mdogo akasimama. "Basi. Tulileta posa, hatukuleta mtuhumiwa."

Wakaanza kutoka. Kijana akabaki nyuma kidogo. Binti yangu alikuwa mlangoni mwa jiko na sinia la vitafunwa ambalo hakuwahi kuliweka mezani. Walitazamana. Kisha kijana akanigeukia mimi.

"Nilitaka sana kukuita baba. Lakini siwezi kuingia nyumba ambayo kila nikiinuka watahesabu vijiko."

Akatoka. Binti hakulia mbele yangu. Aliosha glasi, akazirudisha kwa jirani, akafunga mlango wa chumba chake. Kesho yake aliniuliza swali moja tu. "Kwa nini hukushuka, baba?" Nikampa maelezo marefu. Akayasikiliza mpaka mwisho, akaenda kazini.

Baadaye alinieleza kwamba alimfuata kijana kibandani, akamwambia yuko tayari kuolewa hata bila mimi. Kijana alikataa. Alimwambia hamtilii shaka yeye, ila hataki watoto watakaoitwa wa mwizi kila wakienda kwa babu yao. Binti akaomba uhamisho kazini, akapangiwa Mwanza. Nilimsindikiza stendi ya mabasi. Nilipotaka kumbebea begi alilivuta upande wake, taratibu, kwa adabu.

Mvua za masika zilipokuja, maji ya mto Msimbazi yalivuka kingo zake na mtaa niliokuwa nimeegesha ukajaa. Gari likaingia maji mpaka kwenye zulia. Nikalipeleka kwa waosha magari, wakatoa siti zote ili zulia likauke. Nilikuwa nimekaa, kwenye ndoo, nikiwalinda. Mmoja wao akaita huku anacheka, "Mzee! Mpaka huku chini umechonga namba? We unawaogopa wezi!"

Nikaenda. Mahali palipokuwa na siti ya dereva palikuwa na kisanduku kingine, cha plastiki nyeusi, kimefungwa kwa skrubu ambazo hazijawahi kuguswa. Juu yake namba ya gari langu ilisomeka vizuri, herufi zimekwenda upande kidogo, kazi ya mtu aliyekuwa amepiga magoti. Nikamuuliza kijana yule wa kuosha ni kisanduku cha nini. "Cha ramani, mzee. Kinaonyesha barabara za Japani. Huku hakifanyi kazi." Cha sauti kilikuwa chini ya siti ya abiria, ule upande uliozibwa na mkokoteni.

Nilienda kibandani Msimbazi siku hiyohiyo, nguo zangu zina matope. Fundi alikuwa amelala chini ya dashibodi ya gari la mtu, na mwenye gari amekaa kwenye kile kiti cha plastiki. Akatoka, akapangusa mikono.

"Shikamoo, mzee."

Nilishindwa kusema marahaba. Nikamwambia nilichokiona. Nikasema nimekosa, nikasema tena, na mwenye gari akageuka upande wa pili ili asisikie.

"Niliuliza siti ipi," fundi akasema.

"Uliuliza."

"Yameisha, mzee. Mimi sina neno." Akaokota bisibisi yake. "Wazee wameshanitafutia mchumba nyumbani. Mwezi ujao naenda Masasi." Alisema bila ubaya wowote, na nikajikuta natafuta ubaya huo usoni mwake, kwa mazoea. Sikuuona.

Shemeji nilipompa habari alisema, "Lakini shem, angeweza kuwa mwizi." Hatujagombana. Nilipunguza tu kwenda Mchikichini.

Binti nilimpigia simu Mwanza. Nilimweleza yote, tangu mkokoteni wa vitenge mpaka kisanduku cha ramani. "Nilijua tangu siku ile, baba," akasema. "Sikuhitaji kuona namba."

Huja Dar mara mojamoja, akiwa na kazi huku. Hunipikia, hunifulia mapazia, huniuliza dawa zangu. Mara ya kwanza alipokuwa anaondoka, alisimama mlangoni, akaweka begi lake chini, akafungua zipu. Akaniambia, "Kagua, baba." Nilidhani ni utani nikacheka. Yeye hakucheka. Alisubiri, begi liko wazi, nguo zake zimekunjwa vizuri ndani, mpaka niliposema nenda mwanangu. Hufanya hivyo kila anapoondoka, na kila mara mimi husimama hapo bila kujua niweke wapi macho yangu.

Gari bado ninalo. Redio inapiga vizuri, kazi yake haijawahi kuharibika hata baada ya yale mafuriko. Kisanduku cha bati kiko kabatini pamoja na redio ya zamani, kama alivyoniagiza.

Nilimjaribu mtu mwaminifu kwa sababu nilitaka awe mwizi. Binti yangu hakuolewa na mwanamume aliyempenda, na hajaolewa na mwingine. Anaishi mbali nami kwa kupenda kwake, na anapokuja nyumbani kwangu huja kama mgeni anayejua kwamba atapekuliwa.